Vyembe vya Shamba la Juu

Hester Thackray aliingia kwenye ukumbi wa kijiji bila salamu. Mle ndani alikuwemo mtu mmoja tu: Joss Ibbotson, mchumba wake, amepiga magoti juu ya kiti, akichunga unga mweupe juu ya meza kubwa kama mtu anayenyunyizia keki sukari.

"Umewahi, Hess," Joss alisema bila kuinua kichwa. "Njoo uone. Theluji imefika mpaka kijitoni. Kesho wale wa Leeds wakiiona hii watalia."

Hester alitembea na mabuti yake ya matope mpaka mezani, akainua mikono yote miwili, akalibwaga bati la biskuti katikati ya jeshi la Lancaster, sanamu zilizopangwa kwa mchezo wa vita wa kesho. Wapiga upinde kama thelathini, kila mmoja na kimo cha kidole gumba, kila mmoja na uso aliochorewa kwa brashi nyembamba kuliko sindano, waliruka wakatawanyika sakafuni.

"Hess! Umepatwa na nini?"

"Fungua."

Ndipo Joss alipolitazama lile bati. Lilikuwa la buluu, limebonyea pembeni, lina picha ya kanisa kwenye kifuniko. Hester alikuwa ameusoma uso wa yule mwanamume kwa miaka minne. Aliujua ukifurahi, ukisinzia, ukitunga uongo mdogo wa siku ya kuzaliwa. Aliuona ukilitambua bati. Mpaka dakika ile, pembe moja ya moyo wake ilikuwa ikiomba Joss aseme, "Hiki nini?"

Joss hakusema hivyo. Alisema, "Umelipata wapi?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Hess, ngoja..."

"Mama yako kanituma kwenye kabati la chumba chako cha zamani nichukue vitambaa vya meza. Vitambaa vilikuwa juu, hili lilikuwa chini. Nikadhani lina vifungo vya nguo. Fungua, Joss, au nikufungulie?"

Akalifungua mwenyewe. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na vyembe vya mishale, zile ncha za chuma, arobaini na kimoja. Kutu ilikuwa imevila, lakini umbo lilikuwa lilelile, jembamba na refu. Kila kimoja kilifungwa uzi wenye kikaratasi. Hester alichukua kimojawapo akakisoma kwa sauti.

"'Thackray, shamba la juu. Hatua sitini kutoka ukutani, kumi na mbili kutoka mwaloni.' Mwandiko huu wa nani?"

Joss alishuka kitini polepole. "Wangu."

Miaka kumi na miwili nyuma, mwezi wa Februari, wezi wenye mashine za kunusia chuma waliingia usiku katika shamba la Wilf Thackray, baba yake Hester. Walilichimba mashimo zaidi ya mia mbili. Shamba lile lipo palepale ambapo mwaka 1461, Jumapili ya Matawi, York na Lancaster, watu wa ukoo mmoja wa kifalme, walichinjana kwenye theluji kugombea taji la Uingereza, na mpaka leo jembe likipita huko huibua chuma na mfupa. Asubuhi yake, farasi jike wa Wilf alitumbukiza mguu shimoni ukavunjika vipande viwili. Wilf alimpiga risasi kwa mkono wake. Kisha alishuka kijijini, akamtaja mbele ya watu mwizi aliyesema alimwona kwa macho yake usiku ule: Clem Ibbotson, jirani yake, rafiki yake tangu shule.

Clem alikana. Ushahidi haukuwepo. Kijiji kilimpenda Clem, mcheshi wa baa, kuliko kilivyompenda Wilf, mtu wa maneno machache. Wakamshikilia Wilf mpaka akasimama katika ukumbi huuhuu, kofia mkononi, akaomba radhi mbele ya watu sitini kwa kumsingizia mwenzake. Siku ileile alijitoa katika chama cha michezo ya vita alichokianzisha yeye, na hakukanyaga tena ukumbini.

Hester alikuwa na miaka ishirini na moja wakati ule. Alimwonea baba yake haya.

"Ulikuwepo shambani?" aliuliza sasa.

"Hapana. Naapa, Hess. Niliwakuta jikoni asubuhi, baba na jamaa mmoja wa mjini, wamemwaga kila kitu juu ya gazeti. Nikawaambia, andikeni basi vilikotoka, bila hivyo ni takataka tu. Baba akacheka. Akasema, andika wewe uliyesoma. Alikuwa anakumbuka kila shimo. Nikaandika. Jamaa akabeba vingi akaenda navyo. Hivi nikavificha visiuzwe."

"Ukawa shujaa."

"Sijasema hivyo."

"Uliokoa nini, Joss? Vyuma! Na baba yangu je?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa baba yangu!"

"Na mimi nina baba!" Sauti yake iligonga bati la paa ikarudi. "Miaka minne nimemlilia yule mzee kwa ajili yako. Miaka minne! 'Baba, ulimkosea Clem. Baba, mtoto ana kosa gani? Baba, mpe mkono.' Nilimwita mkaidi. Nilimwita mwongo, Joss, mezani kwake, Jumapili, nyama bado inafuka moshi. Na wewe ulikuwa umekaa hapo pembeni unapaka mkate siagi!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Hess, nyamaza.' Maneno mawili. Mengine ningeyajua mwenyewe."

Joss alinyoosha mkono. Hester alirudi nyuma kama aliyeona moto. Mkono ule ulikuwa na unga mweupe kwenye vidole, na juzi tu alikuwa ameubusu, kidole kimoja kimoja, ndani ya gari, mvua ikipiga vioo. Kukumbuka hivyo kulimwongezea hasira.

"Na huu mchezo?" alisema, akiinyooshea meza kidole. "Mimi nilitunga kanuni zote, za upepo, za uchovu, za hofu. Wewe ukapanga majeshi. Nilikuuliza, unakumbuka? Vitabu vyote vinawaweka Lancaster kule nyuma, wewe umejuaje kuwa walisimama hapa? Ukanijibu nini?"

Joss aliinamisha kichwa.

"Sema. Ulinijibu nini?"

"Kwamba nilisimama pale mlimani... nikausikiliza upepo."

"Upepo!" Hester alicheka, kicheko kibaya. "Nilikupenda siku ile, Joss. Siku ileile, kwa neno lilelile. Nilikwenda nyumbani nikamwambia paka. Kumbe ulikuwa unasoma vikaratasi vya wizi wa baba yako."

Upepo wa kweli ulikuwa ukisukuma mlango. Joss aliuegemea ukingo wa meza.

"Nilitaka kusema baba akishakufa," alisema kwa sauti ya chini. "Nilijiambia, akiwa hai siwezi kumwaibisha, akifa nitakwenda kwa Wilf siku ya pili. Akafa. Na nilikuwa nimeshakupenda. Kila siku nikiamka nilikuwa na kitu kikubwa zaidi cha kupoteza kuliko jana."

Maneno yale yaligusa mahali. Hester alilivuta bati karibu yake. Hakuja kulia.

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa kwa goti.

"Hizi pai niziweke wapi?" alisema Wilf Thackray.

Alisimama kizingitini na sinia la pai za nyama ya nguruwe mikononi, kofia yake ya sufu imeloa manyunyu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Hester alikuwa amembembeleza tangu Krismasi aje, aongoze jeshi la Lancaster kesho, aketi tena kwenye kiti cha chama chake, na mzee alikuwa amekubali kwa kichwa tu, bila neno. Sasa aliangalia sakafu ya ukumbi kana kwamba ni maji asiyojua kina chake, kisha akavuka.

Hester alilibamiza bati, akalifunga. Hata baadaye hakuweza kusema alikuwa akimlinda nani.

"Mmegombana?" Wilf aliuliza, akiwaangalia askari sakafuni. "Kabla ya vita yenyewe?"

"Hakuna kitu, Baba. Weka pai kule jikoni."

Joss aliusogeza mkono wa Hester kando, taratibu, akafungua kifuniko. "Bwana Thackray," alisema, "hivi ni vyako."

Mzee aliweka sinia juu ya kiti. Alichukua chembe kimoja, akakisogeza mbali na macho, maana miwani aliiacha garini, akasoma kikaratasi. Akakirudisha. Akachukua kingine. Alisoma vitano au sita hivi, midomo ikitembea bila sauti.

"Clem," alisema Wilf.

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Tangu asubuhi yake."

"Siku ile nilipoomba radhi, ulikuwamo humu?"

"Safu ya mbele. Kiti cha tatu. Karibu na baba."

Wilf alivua kofia.

"Mke wangu," alisema, "alikufa akiamini kwamba nilimsingizia mtu. Peg hakuniambia kitu. Lakini usiku alikuwa analala kanipa mgongo. Miaka mitatu. Kisha akaenda." Akaikunja kofia mikononi. "Na mimi nikaanza kufikiri labda ni kweli. Labda nilikuwa na kichaa. Unajua mtu akianza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe anakuwaje, kijana?"

"Hapana, bwana."

"Hapana. Hujui."

Hester alimwendea, akamshika mkono. "Baba, nisamehe. Mimi ndiye..."

"Wewe ngoja." Hakumtazama. Alikuwa akimtazama Joss. "Kesho watu watakuwa wengi kuliko siku ile. Utasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, mbele ya jukwaa. Utasema yote. Usiongeze chumvi, usipunguze. Halafu mtacheza mchezo wenu."

"Nitasema."

"Na mama yako je?" Hester aliuliza kwa ukali. "Noreen atakaa humo humo akisikia mwanawe anamwita mumewe mwizi?"

"Nakwenda kumwambia sasa hivi," alisema Joss. Alichukua koti lake. Mlangoni aligeuka akamtazama Hester, na macho yake yalikuwa na swali moja tu. Hester alitazama pembeni.

Jumapili ya Matawi ilikuja na mvua ya barafu. Ilipofika saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa: watu wa kijiji na misalaba ya makuti waliyotoka nayo kanisani, vijana wa Leeds na mifuko yao ya dadu, jamaa wanne waliovuka bahari kutoka Ubelgiji kwa ajili ya vita hii peke yake. Noreen Ibbotson aliketi safu ya mbele, amevaa koti lake la kanisani, mkoba magotini, uso mweupe.

Joss alisimama mbele ya jukwaa. Hakuwa na karatasi. Alieleza mashimo, jikoni, gazeti, jamaa wa mjini, vikaratasi. Alisema, "Bwana Thackray alisema kweli na sisi tukamlazimisha aombe radhi. Mimi nilikaa pale nikanyamaza." Alisema kwamba mahali walipowekwa Lancaster mezani palitokana na vitu vilivyoibiwa, na mwenye shamba akitaka waondolewe, atawaondoa sasa hivi.

Manung'uniko yalianza nyuma yakaja mbele kama mawimbi. Mtu mmoja alisema "Aibu!", haikujulikana anamwambia nani. Katibu wa chama, aliyekuwa katibu hata miaka ile, alisimama akikohoa.

"Basi, nadhani tumshukuru Joss, na kwa kuwa muda wetu..."

"Wewe kaa!" Hester alikuwa juu tayari. "Unashukuru nini? Wewe ndiye uliyempelekea baba yangu barua ya kumtaka aombe radhi. Wewe! 'Kwa amani ya kijiji.' Nani mwingine humu alitia sahihi? Inueni mikono niwaone. Mbona mnaangalia viatu?"

"Hester," alisema Wilf.

"Hapana, Baba, waache waseme!"

"Kaa chini, binti yangu. Sitaki radhi za kundi. Mwenye yake anaijua nyumba yangu."

Ndipo Noreen Ibbotson alipoinuka. Alitembea hatua chache zilizokuwa kati yake na Wilf, akasimama mbele yake, mwanamke mdogo mwenye mvi zilizosukwa vizuri.

"Nilizifua suruali za Clem, Wilf," alisema. "Zilikuwa na udongo wa kwako mpaka magotini. Nilijua tangu siku ileile. Usimbebeshe mwanangu peke yake."

Joss alimgeukia mama yake kwa mshangao. Hili hakulijua. Jana jioni, alipomweleza, mama alikuwa ameitikia tu "Vema" na kwenda kupiga pasi koti.

Wilf alimsogezea kiti. "Keti, Noreen," alisema. "Miguu yako mibovu." Kisha akawageukia watu wa mezani. "Lancaster waacheni hapohapo. Ndipo waliposimama. Hawakumwibia mtu wao." Akamsukuma Hester begani. "Macho yangu hayaoni dadu. Ongoza wewe."

Hivyo ndivyo Hester alivyojikuta upande wa kaskazini wa meza, amri ya jeshi lote la Lancaster mikononi mwake, na ng'ambo ya theluji ya unga, hatua tatu tu kutoka kwake, Joss akiwa na York.

"Tayari?" aliuliza Joss.

"Tupa."

Kanuni za mwanzo zilikuwa za kikatili, na alizitunga mwenyewe. Upepo ulimpendelea York. Mishale yake ilifika, ya Lancaster ilianguka njiani. Kila zamu, jemadari wa Lancaster alipaswa kutupa dadu mbili kuona kama watu wake watavumilia kusimama wakipigwa, au watachoka na kushuka mlima ovyo. Katika majaribio yote ya miaka minne hawakuwahi kuvumilia zaidi ya zamu tatu.

Hester alitupa. Wakasimama. Joss akapiga mishale. Hester akaondoa safu nzima ya sanamu bila kukunja uso. Akatupa tena. Wakasimama. Zamu ya nne, ya tano. Watu walianza kusogea karibu. Mbelgiji mmoja alipiga mluzi.

"Wamekuwa na roho ngumu leo," Joss alisema kwa upole.

"Wamekasirika," alijibu Hester.

Zamu ya sita hakungoja dadu. Aliwasukuma mwenyewe, wote, kwa viganja viwili, wakashuka bondeni na kugonga katikati ya York. Sasa mishale haikuwa na maana tena. Ilikuwa shoka na rungu. Alimpiga kulia, akampiga kushoto, akila kikosi baada ya kikosi. Kila alipoinua macho alikutana na macho ya Joss, na kila mara Joss hakukwepa. Yalikuwa mekundu. Hester alichukia kwamba aliona hivyo. Alichukia kwamba mkono wake, ukigusana na wa Joss juu ya sanamu moja iliyoanguka, uliujua ule ujoto.

"Umebanwa," alimwambia.

"Najua."

"Mstari wako unavunjika."

"Najua, Hess."

"Usiniite Hess."

Lilibaki dadu moja la kutupwa. York alikuwa na kikosi kilichochelewa njiani, cha jemadari Norfolk, na kuanzia zamu ya nane angeweza kukitupia: sita, kinafika, chini ya sita, hakifiki. Joss alitupa. Dadu liligonga ukingo wa kijito, likazunguka, likalala.

Sita.

Ukumbi ulipiga kelele. Joss aliliangalia lile dadu kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Kisha akainama juu ya meza akanong'ona, Hester peke yake asikie.

"Limegonga kijito. Twaweza kusema halihesabiki. Nitatupa tena."

Hester aliinama naye, nyuso zao zikawa karibu kama zamani.

"Ukinihurumia leo, Joss Ibbotson, hutanisemesha tena mpaka nife. Limehesabika. Mlete Norfolk."

Akamleta. Norfolk aliingia kutoka mashariki, akalikunja bawa la Lancaster, na kwa zamu tatu jeshi lote la Hester lilikuwa linakimbilia kijito cha Cock, ambako, kama walivyofanya wenzao wa kweli, walizama mmoja juu ya mwingine. Joss aliucheza mwisho ule bila kupunguza hata pigo moja, jasho likimtoka. Alipomwondoa askari wa mwisho, alinyoosha mkono kama wanavyofanya wachezaji.

Hester hakuupokea. Alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji, akasimama hapo akilia kwa hasira mpaka birika likajaa na kumwagika. Wilf alimfuata, akafunga bomba.

"Hakudanganya mezani," alisema mzee.

"Unamtetea?"

"Nimesema alivyocheza tu. Mengine ni yako." Alichukua kipande cha pai. "Nimemwambia aje kesho saa mbili asubuhi. Vile vikaratasi vinaonyesha kila chembe kilikotoka. Nataka vipimwe upya na viwekwe kwenye ramani, kwa jina la shamba langu. Kisha azibe yale mashimo yaliyobaki upande wa ukuta. Kwa koleo."

"Hilo tu? Baba, amekuibia miaka kumi na miwili!"

"Ndiyo. Na kwa umri wangu sina mingine kumi na miwili ya kumchukia vizuri. Wewe unayo. Chukia utakavyo, sitakuingilia."

Jumatatu Hester aliamka akiwa amekasirika. Alipika uji wa shayiri akauunguza. Dirisha la jikoni lilitazama shamba la juu, na huko aliwaona wawili: baba yake kwenye kigoda na daftari, na Joss katika matope, akihesabu hatua, akichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Upepo ulikuwa wa kusini. Ulimpeperusha Joss koti mpaka kichwani, akapambana nalo, na kamba ya kupimia ikamtoka mkononi ikaruka. Akaikimbilia. Ikaruka tena. Baba yake alikaa tu akimwangalia. Kazi ile ilihitaji watu wawili, mtoto mdogo angeiona.

Alijiambia kwamba hatakwenda. Aliosha sufuria iliyoungua, akaisugua mpaka mkono ukamuuma. Akavaa mabuti.

Joss alimwona akija tangu mbali, akasimama wima, kijiti mkononi. Hester alimpita, akaikanyaga kamba iliyokuwa ikitambaa nyasini, akaiokota.

"Harusi ya Juni haipo," alisema.

"Najua."

"Pete ipo nyumbani kwenye droo. Usiniulize nitaifanyia nini."

"Sitauliza."

"Bado nina hasira na wewe. Nikikutazama hivi natamani nikupige kwa koleo. Na sijui itaisha lini. Inaweza isiishe."

"Nitangoja, Hester. Hata kama..."

"Nani kakwambia ungoje? Umengoja miaka kumi na miwili, imekusaidia nini?" Alimtupia ncha ya kamba kifuani. "Shika huku. Uende mpaka ukutani, na uvute ikaze. Na safari hii namba nazisoma mimi."

Joss aliishika. Alitembea kinyumenyume kuelekea ukutani, bila kumwondolea macho, mara mbili nusura aanguke, na kamba ikanyooka kati yao, ikatetemeka kwenye upepo, ikakaza.

"Sitini," Hester alipaza sauti. "Andika, Baba."